Kabla ya Kuuliza Dawa ya Kupaka: Majibu Kuhusu Vidonda vya Mguu Visivyopona

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wasiojuana, na karibu zote zinaishia kwenye swali lilelile: nipake dawa gani? Swali hilo linakuja mapema mno. Kidonda cha mguu ambacho wiki sita zimepita bila dalili ya kufunga kina kitu kinachokizuia, na mara nyingi kitu hicho hakimo ndani ya kidonda. Kimo kwenye mshipa, kwenye neva, kwenye damu au kwenye mfupa. Mitaani kidonda cha namna hiyo tunakiita donda ndugu, jina moja kwa maradhi yasiyofanana hata kidogo. Ndiyo maana tiba iliyomponya jirani yako inaweza kukupotezea wewe mguu.

Nina miaka 52, ni mama lishe hapa Morogoro. Juu ya kifundo cha mguu wa kushoto, upande wa ndani, nina kidonda cha miezi 14. Hakiumi sana ila kinatoa maji mpaka kandambili inalowa, na jioni mguu unavimba. Nimemeza antibayotiki mara tatu, na kila asubuhi nafungua kapsuli mbili na kumwagia unga wake. Je, kuna dawa kali zaidi?

Mama, itazame ngozi inayozunguka hicho kidonda. Ikiwa imekuwa nyeusi kuliko ya mguu wa pili, imekakamaa, ina magamba na inawasha, na ukisimama unaona mishipa iliyojisokota kwenye shavu la mguu, basi kwa uwezekano mkubwa kidonda chako ni cha vena, mishipa inayoirudisha damu moyoni. Sehemu uliyoitaja ndiyo makao yake hasa. Huwa hakina kina kirefu, kingo zake hazina umbo maalumu, na hulia maji mengi.

Kinachotokea ni hiki. Ukitembea, misuli ya shavu la mguu huzikamua vena na kuisukuma damu juu, na vali ndogo zilizomo ndani huizuia isirudi. Kwa mtu anayesimama jikoni tangu alfajiri hadi magharibi, aliyezaa mara kadhaa, au aliyewahi kupata damu iliyoganda mguuni, vali hizo hushindwa kufunga sawasawa. Damu hutuama chini, presha kwenye vishipa vidogo hupanda, na majimaji huvujia kwenye nyama. Chembe nyekundu nazo huvuja, na chuma kilichomo ndani yake ndicho kinachoitia ngozi ule weusi. Nyama iliyojaa maji haipati hewa wala chakula cha kutosha, hivyo mkwaruzo mdogo tu unageuka kidonda.

Sasa unaona kwa nini unga wa kapsuli haukusaidia. Haugusi presha ya vena. Tena unafanya madhara matatu: unatengeneza gamba linalofungia uchafu chini yake, unaweza kuileta ngozi mzio, na unawazoeza bakteria dawa utakayoihitaji siku ya maambukizi ya kweli. Kila kidonda kilicho wazi kina bakteria juu yake, na kuwepo kwao peke yake si ugonjwa. Antibiotiki za kumeza ni za pale maumivu yanapoongezeka ghafla, joto la ngozi linaposambaa nje ya kidonda, usaha unapotoka au homa inapoanza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo pima joto kwa mgongo wa kiganja, ukilinganisha na mguu wa pili.

Tiba ya kidonda cha vena ni mgandamizo: bandeji inayobana takriban milimita 40 za zebaki (kipimo kilekile cha presha ya damu) kifundoni na kupungua kuelekea gotini. Lakini usijifunge hata mara moja kabla ya kupimwa mishipa ya ateri, ile inayoshusha damu kutoka moyoni. Muuguzi hupima presha ya mkononi na ya kifundoni kwa kifaa kidogo cha Dopla kinachosikiliza damu ikipita, kisha hugawanya ya kifundoni kwa ya mkononi. Ukiwa na 140 mkononi na 126 kifundoni, jibu ni 0.9, nawe unaweza kufungwa kikamilifu. Kati ya 0.5 na 0.8, mgandamizo hupunguzwa na huamuliwa na mtaalamu. Chini ya 0.5, marufuku. Jibu likizidi 1.3 pia lisikufurahishe: ateri zimekuwa ngumu kama bomba, jambo la kawaida kwa wenye kisukari, na kipimo hicho hakiaminiki tena.

Ukisharuhusiwa, ufungaji unakwenda hivi. Uwe umelala na mguu juu kwa nusu saa, au ufungwe asubuhi kabla hujatoka kitandani, ili uvimbe uwe umeshuka. Kidonda kikishasafishwa na kufunikwa, ngozi ipakwe mafuta ya mgando yasiyo na manukato, halafu mguu uzungushiwe pamba laini kuanzia vidoleni hadi chini ya goti. Pamba iongezwe juu ya ugoko na kwenye kano ya kisigino, kwa sababu hapo mfupa na kano viko karibu na ngozi na bandeji inaweza kuchimba kidonda kipya. Mguu ukae umekunjwa kifundoni kama herufi L. Bandeji ya upana wa sentimita 10 ianzie kwenye mashina ya vidole, ifunike kisigino chote, ipande kwa mvuto uleule, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, na iishie vidole viwili chini ya goti. Makosa tunayoyakuta mara kwa mara ni kuanzia kifundoni na kuuacha unyayo, ambao hapo huvimba kama andazi, na kukaza zaidi juu kuliko chini, jambo linaloifungia damu kulekule inakotakiwa kutoka.

Baada ya kufunga, bonyeza kucha ya kidole gumba cha mguu ukiachie. Damu irudi ndani ya sekunde tatu. Vidole vikifa ganzi, vikigeuka rangi au maumivu yakizidi, fungua hapohapo, usisubiri kesho. Bandeji ile nyepesi ya duka la dawa inayovutika sana hulegea ndani ya saa chache. Muulize muuguzi kuhusu ile isiyovutika sana, inayoweza kukaa siku kadhaa hadi wiki, kulingana na wingi wa maji.

Kazini, weka kigoda ukae unapomenya na kuchambua. Kila saa simama kwa ncha za vidole na kushuka mara 20. Nyumbani lala na mguu ukiwa juu kuliko moyo, nusu saa, mara tatu kwa siku. Na mara moja kwa wiki pima urefu na upana wa kidonda kwa rula, uzidishe, uandike. Kikiwa kimepungua kwa karibu asilimia 40 baada ya wiki nne, mko njiani. Kisipopungua, kuna jambo halijaonekana, na daktari atazame upya, ikiwa ni pamoja na kukupima vena kwa ultrasaundi, maana vena mbovu zinaweza kufungwa kwa upasuaji mdogo. Kikipona, utavaa soksi za kubana kila siku na kuzibadilisha kila miezi 3 hadi 6, kwa sababu vali zilizoharibika hazijirekebishi.

Baba yetu ana miaka 68, amevuta sigara tangu ujana. Kidole cha pili cha mguu kina kidonda kidogo cha duara, cheusi katikati. Usiku halali, huutoa mguu nje ya kitanda na kuuning'iniza ndipo apate nafuu. Dada yangu amesikia bandeji ya kubana huponya vidonda na ameshainunua. Tumfunge? — Mombasa

Hapana. Iwekeni hiyo bandeji kabatini.

Habari ya kuuning'iniza mguu ndiyo iliyotuambia zaidi kuliko picha yoyote. Damu inayoshuka kwa Mzee ni chache kiasi kwamba akilala haifiki vidoleni, na nyama inalia kwa njaa. Akiuteremsha mguu, uzito wa damu yenyewe unaisaidia kufika. Huo ni ugonjwa wa ateri: zimeziba kwa mafuta na sigara. Ukiukaza mguu kama huo kwa bandeji, unaifunga hata ile damu kidogo iliyobaki, na kidole kinaweza kufa ndani ya siku chache.

Yakinisheni wenyewe leo. Mgongo wa kiganja upitishwe kutoka gotini kwenda vidoleni kwenye miguu yote miwili. Mguu mgonjwa utakuwa wa baridi zaidi. Ngozi itakuwa nyembamba, inang'aa, haina vinyweleo, na kucha zimekuwa nene. Mlalisheni chali, uinueni mguu kwa dakika moja: unyayo utapauka. Akikaa na kuuteremsha, utaiva rangi polepole, hata kuwa mwekundu wa zambarau. Wekeni vidole viwili nyuma ya kifundo cha ndani mtafute mapigo. Muuguzi naye ayatafute hapo na juu ya unyayo, na apime ule uwiano tuliomweleza mama wa Morogoro. Mkono ukiwa na 150 na kifundo 70, hiyo ni 0.47, na Mzee anahitaji daktari wa mishipa wiki hii, si mwezi ujao. Huko atapigwa picha ya mishipa, na ikiwezekana ateri itafunguliwa kwa puto au kujengewa njia ya pembeni.

Wakati mnajiandaa, kilicho cheusi na kikavu kibaki kikavu. Msikiloweke, msikikate, msikibandike asali. Mpigieni iodini kidogo, mfunike kwa gozi kavu isiyobana. Msimpashe miguu moto kwa jiko wala kwa chupa ya maji ya moto, maana ngozi isiyo na damu huungua kwa joto ambalo mkono wako unaliona la kawaida. Kichwa cha kitanda kiinuliwe kidogo kwa matofali ili miguu iwe chini. Na sigara iishe leo; kila moja inaibana mishipa ileile tunayopigania ifunguke. Dawa za kuzuia damu kuganda na za kushusha mafuta ataandikiwa hospitalini.

Mguu ukigeuka ghafla kuwa mweupe, wa baridi kama barafu, usio na hisia na usioweza kusogea, hesabu ni ya saa. Nendeni usiku huohuo.

Mimi ni mwalimu, Dodoma, nina kisukari mwaka wa 11. Chini ya unyayo, nyuma ya kidole gumba, kuna kidonda chenye ukingo mgumu kama sugu. Hakiumi kabisa kwa hiyo sina wasiwasi, ila soksi inachafuka. Nitumie nini?

Mwalimu, kutouma ndiko kunakotutia sisi wasiwasi. Sukari ya muda mrefu imeziua neva za miguu. Mtu mwenye hisia akipata kidonda unyayoni huchechemea, na kuchechemea huko ndiko kunakokipumzisha. Wewe unakikanyaga kwa uzito wako wote, hatua elfu kadhaa kwa siku, kuanzia paredi ya asubuhi. Sugu inayokizunguka inakibana kama kokoto ndani ya kiatu, na chini yake shimo huwa kubwa kuliko linavyoonekana juu.

Hisia hupimwa hospitalini kwa uzi wa nailoni wa gramu 10. Nyumbani, fumba macho, mtu akuguse kwa wepesi sekunde moja au mbili kwenye ncha ya kidole gumba, cha tatu na cha mwisho, miguu yote miwili. Asisukume, asipapase. Ukikosa kuhisi viwili au zaidi kati ya hivyo sita, miguu yako haina tena mlinzi.

Tiba ya kwanza ni kuuondolea mguu uzito. Kinachofanya kazi vizuri kuliko vyote ni plasta maalumu au buti ambalo huwezi kulivua mwenyewe, kwa sababu lile la kuvuliwa huvuliwa, hata na mtu mwenye nia njema, kwa safari fupi ya chooni. Lakini kabla ya plasta, daktari ahakikishe damu inafika vizuri na hakuna usaha. Sugu ikatwe na muuguzi mwenye ujuzi. Wembe wa nyumbani umeshakata vidole vya watu wasiohisi. Daktari akichokoe kidonda kwa kijiti cha chuma safi. Kikigonga kitu kigumu, mfupa umeingiliwa mpaka ithibitike vinginevyo, na hapo kuna picha ya eksirei na antibayotiki za wiki kadhaa, mara nyingi sita. Kidonda kisipopungua kwa nusu baada ya wiki nne, mpango mzima ubadilishwe.

Kagua miguu kila jioni kwa kioo, pamoja na katikati ya vidole. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Usitembee pekupeku hata ndani, na ukienda msikitini saa za adhuhuri angalia sakafu ya ua iliyopigwa na jua, maana nyayo huungua bila mwenyewe kujua. Na lala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri. Dar es Salaam wagonjwa wa kisukari wamefikishwa hospitalini wakiwa wametafunwa vidole na panya usingizini, wasiamke.

Harufu mbaya, uvimbe wa mguu mzima, homa, au sukari inayopanda bila sababu: hiyo ni safari ya siku hiyohiyo, hata kama hakuna maumivu.

Kijana wangu ana sikoseli, miaka 17. Ana vidonda viwili kifundoni vinavyomuuma mpaka analia, ilhali ni vidogo. Wapo wanaosema anadeka. — Mama, Musoma

Hadeki, dada. Vidonda vya sikoseli huuma kupita ukubwa wake. Hutokea kifundoni, ndani au nje, kuanzia umri wa miaka kumi hivi, mahali ambapo ngozi ni nyembamba na damu inapita kwa shida, na chembe zenye umbo la mundu huziba vishipa vidogo. Huchukua miezi, hata miaka, na hupenda kurudi. Apewe dawa ya maumivu ya kutosha nusu saa kabla ya kusafishwa, maana kijana anayeogopa kusafishwa atakificha kidonda. Apumzishe mguu ukiwa juu. Mguu ukivimba, mgandamizo mwepesi husaidia, nao baada ya kupimwa. Kiwango cha damu kiangaliwe. Ikiwa anatumia haidroksiyurea, mweleze daktari wake kuhusu vidonda hivi, kwa kuwa dawa hiyo yenyewe inaweza kuvisababisha kwa baadhi ya watu, ila usiiachishe mwenyewe. Inamkinga na mengi makubwa. Vingi huanza na kuumwa na mbu au kiatu cha shule kinachokwaruza kifundo. Soksi ndefu na kiatu chenye ukingo laini vina maana kubwa kwake.

Hapa Kampala nimesikia kidonda cha Buruli. Kinatofautianaje na donda la kawaida la watoto?

Jina limetoka kwenu, eneo la Buruli karibu na Mto Nile, na Dkt. Albert Cook wa hospitali ya Mengo alishaandika kuhusu vidonda vya aina hii mwaka 1897. Kinaletwa na bakteria wa ukoo mmoja na wa kifua kikuu na ukoma. Huanza kama kinundu au uvimbe mgumu usiouma, kisha ngozi hupasuka. Alama yake ni kingo zilizochimbwa chini: kijiti cha pamba huingia chini ya ngozi inayoonekana nzima. Sumu ya bakteria huyo huua mafuta ya chini ya ngozi na hutia ganzi, ndiyo maana mtoto anacheza na kidonda kikubwa bila kulia. Sampuli huchukuliwa kwenye ukingo huo na kupimwa maabara. Tiba ni wiki 8 za vidonge: rifampisini miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito mara moja kwa siku, na klarithromaisini miligramu 7.5 kwa kilo mara mbili kwa siku. Rifampisini huupa mkojo rangi ya machungwa, na hudhoofisha vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango pamoja na baadhi ya dawa za VVU, kwa hiyo sema kila unachotumia. Kidonda kinaweza kuonekana kimezidi katikati ya tiba wakati mwili unaposhtuka na kupigana. Wengi huacha dawa hapo, na ni kosa.

Donda la kawaida la watoto wa vijijini huanza baada ya mkwaruzo, linauma, linanuka, ni la duara na kingo zimenyanyuka. Hilo husafishwa na kutibiwa kwa penisilini na metronidazo, na mtoto ale mayai, maharage na dagaa.

Kidonda kisafishwe kwa nini: spiriti, haidrojeni peroksaidi, GV au maji ya chumvi? Na asali je?

Maji ya chumvi. Chemsha lita moja ya maji kwa dakika kumi, tia vijiko viwili vya chai vya chumvi vilivyosawazishwa, funika yapoe mpaka yawe vuguvugu, tumia siku hiyohiyo. Nawa mikono, mwagia kidonda, kausha ngozi ya pembeni, usisugue katikati. Spiriti na peroksaidi huua chembe changa zinazojenga nyama, na lile povu linalowafurahisha watu ni pamoja na nyama yako inayokufa. GV hukausha na kuficha rangi ya kidonda, nasi tunahitaji kuiona. Asali iliyosafishwa kwa ajili ya vidonda inafaa kwenye baadhi, ila ya chupa ya sokoni haijulikani imechanganywa na nini. Gozi ikiwa imeganda, ilowanishe kabla ya kuitoa. Ukiivuta kavu unang'oa ngozi mpya ya wiki nzima. Na kama huna uhakika na chanjo yako ya pepopunda, iulizie zahanati.

Kovu langu la moto la miaka 20 lilifunguka mwaka jana. Sasa kingo zimeinuka na kukunjuka nje kama ua la koliflawa, na linatoa damu nikiligusa. Nabadilisha dawa za kupaka bila mafanikio. — Iringa

Acha kupaka, kaka. Kovu la moto la zamani, na hata kidonda cha vena kilichokaa miaka mingi, huweza kugeuka saratani ya ngozi, na maelezo yako yanafanana nayo mno. Nenda hospitali ya mkoa wiki hii, sema neno hili: biopsi. Kipande kichukuliwe ukingoni, mahali palipoinuka, zaidi ya sehemu moja, kwa sababu cha katikati mara nyingi huwa nyama iliyokufa na majibu hurudi safi wakati ugonjwa upo. Majibu yakirudi safi na kidonda kinaendelea kukua, omba irudiwe. Daktari akupapase na mitoki ya kinena, nawe umwonyeshe kovu lote, hadi lilipoanzia.